Waliokwenda Magharibi na Waliokutwa Huko

Historia ya walowezi wa magharibi mwa Marekani husimuliwa kama hadithi ya wanaume na bunduki. Tukiitazama kwa jicho la mama na la muuguzi, tunaona mengine.

Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuona filamu ya kauboi? Farasi wanatimua vumbi, bunduki zinalia, na watu wenye manyoya kichwani wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Filamu ikiisha, watoto wetu wanaokota vijiti na kuanza kupigana uani. Kila mmoja anataka kuwa kauboi. Hakuna anayetaka kuwa "Mhindi Mwekundu", kwa maana wanajua ni nani atakayekufa.

Lakini akina mama wenzetu, je, tumewahi kujiuliza wanawake wako wapi katika filamu hizo? Ni nani aliyekuwa akinyonyesha ndani ya lile gari lenye turubai jeupe? Na ni nani aliyekuwa akinyonyesha ndani ya lile hema la ngozi linalochomwa moto? Wote wawili walikuwapo. Walijifungua, waliuguza, walizika watoto. Na yaliyowapata hayakuisha walipokufa, kwani wajukuu na vitukuu vyao wanaishi nayo mpaka leo.

NCHI HAIKUWA TUPU

Kwanza tusahihishe jina. Watu tuliozoea kuwaita "Wahindi Wekundu" si Wahindi, wala si wekundu. Kosa hilo lilianzia kwa Christopher Columbus, ambaye mwaka 1492 alidhani amefika pande za India. Wao ni wenyeji asilia wa Amerika, na wana makabila mengi kama sisi: Wacherokee, Wacheyenne, Walakota, Wakayuse, Waomaha na mamia ya wengine. Kila kabila lilikuwa na lugha yake na desturi zake za harusi na za msiba.

Mwaka 1830, Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji wa upande wa mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya Mto Mississippi. Wacherokee walikuwa wakulima, baadhi yao Wakristo, na walikuwa na gazeti kwa lugha yao wenyewe. Hayo hayakuwasaidia. Mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani kwa nguvu. Kati ya watu wapatao 16,000 waliosafirishwa, inakadiriwa kuwa 4,000 walikufa kwa baridi, njaa na kuhara. Njia ile inaitwa Njia ya Machozi hadi leo.

SAFARI YA NAOMI SAGER

Miaka michache baadaye, familia za wazungu zilianza kusafiri kwenda Oregon, karibu na bahari ya magharibi. Safari ilikuwa ya kilomita kama 3,500, na ilichukua miezi minne hadi sita. Magari yalivutwa na maksai, na kwa kuwa yalijaa unga, mbegu na vyombo, wengi walitembea kwa miguu. Mahali pasipo na kuni, akina mama waliokota kinyesi kikavu cha nyati, wakapikia. Tunaojua adha ya kutafuta kuni tunaweza kuwaelewa.

Mwaka 1844, Henry Sager na mkewe Naomi waliondoka Missouri na watoto sita. Naomi alikuwa mja mzito. Akajifungua njiani mtoto wa saba, msichana. Hapakuwa na siku arobaini za kupumzika, wala maji ya moto ya kukandwa, wala uji wa kuletewa kitandani. Baada ya muda mfupi msafara uliendelea, naye akiwemo ndani ya gari linaloruka mashimoni.

Binti yao Catherine, mwenye umri wa miaka tisa, aliruka kutoka kwenye gari likiwa linakwenda. Gauni lake likanasa, akaanguka, gurudumu likampita mguuni na kuuvunja. Kisha baba akashikwa na homa, akafa. Majuma machache baadaye Naomi naye akafa, akiacha watoto saba jangwani, mdogo kabisa akiwa bado ananyonya. Kichanga yule alibaki hai kwa sababu wanawake wa magari mengine walimpokea na kumnyonyesha.

Tumemtaja Naomi kwa makusudi. Mtu akisema walowezi walikuwa watu wabaya tu, tumkumbuke yeye. Wengi wao walikuwa maskini waliotafuta shamba ili watoto wapate kula. Lakini kuwa maskini hakumfanyi mtu asimdhuru mwenzake, nasi tutaona.

SURUA KATIKA MISHENI

Yatima wale walipelekwa katika misheni moja iliyokuwa katika nchi ya Wakayuse, mahali paitwapo Waiilatpu. Hapo aliishi Daktari Marcus Whitman na mkewe Narcissa. Mwaka 1836, Narcissa na mwenzake Eliza Spalding walikuwa wanawake wa kwanza wa kizungu wanaojulikana kuvuka Milima ya Rocky. Narcissa alipata mtoto mmoja tu, Alice Clarissa. Mwaka 1839 mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka miwili, alitumbukia katika Mto Walla Walla, akafa. Hivyo watoto saba wa Sager walipofika, Narcissa aliwapokea kama zawadi.

Lakini kulikuwa na tatizo. Misheni ilianzishwa kwa ajili ya Wakayuse. Kadiri miaka ilivyopita, ikawa zaidi kituo cha kupumzikia wazungu waliopita kwa magari. Wakayuse waliona wageni wakiongezeka kila mwaka katika nchi yao, wala hakuna aliyewaomba ruhusa.

Mwaka 1847 surua ikaingia pamoja na wasafiri. Daktari Whitman aliwatibu wote, wazungu na Wakayuse. Watoto wengi wa kizungu waliugua, wakapona. Watoto wa Wakayuse walikufa. Wazazi wao pia walikufa. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya Wakayuse wa eneo lile walipotea katika muda mfupi.

Hebu tujiweke mahali pa mama wa Kikayuse. Dawa ni ya daktari mmoja. Mtoto wa mgeni ameinuka kitandani, wako umemzika. Ungefikiri nini? Wengi walifikiri kwamba daktari anawapa sumu ili watu wake wachukue ardhi. Tena, kwa desturi yao, mganga aliyeua wagonjwa aliweza kulipa kwa uhai wake.

Sisi wauguzi tunajua jambo ambalo hata Daktari Whitman hangeweza kulieleza vizuri wakati ule. Surua ilikuwa imekaa kati ya watu wa Ulaya kwa karne nyingi. Wazungu wengi wazima walikuwa wameshaugua utotoni, na mwenye kuugua surua mara moja hupata kinga. Kwa hiyo mtoto alipougua, mama alikuwa na nguvu za kumpa maji na kumpikia. Kwa Wakayuse ugonjwa ulikuwa mgeni. Walilala nyumba nzima: baba, mama, bibi na watoto. Hakukuwa na wa kuteka maji. Surua huua haraka mtu asiye na kinga, na huua haraka zaidi mahali pasipo na wa kumuuguza.

Tarehe 29 Novemba 1847, baadhi ya Wakayuse walivamia misheni. Marcus na Narcissa waliuawa, pamoja na wengine 11, wakiwamo wavulana wawili wakubwa wa Sager. Mmoja wa wasichana wa Sager alikufa kwa surua siku hizo hizo. Mwaka 1850 Wakayuse watano walinyongwa. Katika mkasa huu, mpendwa msomaji, hakuna mama aliyebaki bila kulia.

EKARI 160

Tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kugawa mashamba. Raia, au mhamiaji aliyekusudia kuwa raia, aliweza kujiandikishia ekari 160 kwa ada ndogo. Akijenga nyumba, akilima na kuishi hapo miaka mitano, alipewa hati. Wajane na wanawake ambao hawajaolewa waliruhusiwa. Mwanamke mwenye mume, kwa kawaida, hakuruhusiwa kuandikisha kwa jina lake. Kwa jumla zilitolewa hati zipatazo milioni 1.6, kwa ekari kama milioni 270, yaani karibu sehemu ya kumi ya nchi nzima.

Maisha huko hayakuwa lele mama. Kwenye tambarare zisizo na miti, watu walikata ardhi yenye majani vipande vipande kama matofali, wakajengea nyumba. Mvua ikinyesha, paa lilidondosha tope ndani ya chungu. Jirani alikuwa mbali, mkunga mbali zaidi. Wanawake wale walifanya kazi ya wanaume, na wakadai haki. Eneo la Wyoming liliwapa wanawake kura mwaka 1869, zaidi ya miaka 50 kabla ya wanawake wa Marekani nzima kuipata mwaka 1920.

Lakini kila ekari iliyotolewa ilikuwa na mwenyewe kabla. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek katika Colorado, askari waliishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho iliyokuwa imeahidiwa amani. Waliuawa watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Aliyewaongoza askari, Kanali John Chivington, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Inatuchoma sisi tunaokwenda kanisani kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa kanisa lake uliomba radhi.

Reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ilipokamilika mwaka 1869, wawindaji walifika kwa wingi. Nyati walikuwa chakula, hema, blanketi na mavazi ya wenyeji wa tambarare. Hapo awali walihesabika kwa mamilioni. Kufikia miaka ya mwisho ya 1880 walibaki chini ya elfu moja. Fikiria mtu akiingia kijijini kwako, akaua ng'ombe wote, akafyeka migomba yote na kuacha vioze. Hana haja tena ya kukupiga risasi. Utamfuata mwenyewe ukiomba unga.

Mwaka 1887 ikatoka sheria nyingine. Ardhi ya pamoja ya makabila iligawanywa vipande kwa kila familia, na iliyosalia wakauziwa wengine. Wenyeji walikuwa na ekari milioni 138 sheria hiyo ilipoanza. Ilipokomeshwa mwaka 1934, walibaki na milioni 48. Nabothi alinyang'anywa shamba lake la mizabibu kwa barua iliyopigwa muhuri wa mfalme. Hata huku Magharibi, muhuri ulichukua kingi kuliko bunduki.

WATOTO WALIOCHUKULIWA

Mwaka 1879, ofisa wa jeshi aitwaye Richard Henry Pratt alifungua shule ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania, ili kuwafanya watoto wa wenyeji wawe kama wazungu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa Walakota, waliosafirishwa kwa treni mbali sana na mama zao. Walipofika walipewa majina mapya. Mavazi yao yakaondolewa. Waliozungumza lugha ya nyumbani waliadhibiwa. Na nywele zao ndefu zikakatwa.

Kwetu pia ziko jamii ambazo watu hunyoa nywele wanapofiwa. Kwa Walakota vilevile, kukata nywele kulikuwa alama ya msiba. Basi watoto walipoona mkasi, walilia kwa sauti, kila mmoja akijiuliza ni nani amekufa nyumbani.

Shule za namna hiyo zilienea. Baadhi ziliendeshwa na serikali, nyingine na makanisa kwa fedha za serikali. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliokamilika mwaka 2024 ulihesabu shule 417 zilizokuwapo kati ya 1819 na 1969, na ukathibitisha vifo vya watoto wasiopungua 973. Aliyeagiza uchunguzi huo alikuwa Deb Haaland, mwanamke wa kwanza kutoka kwa wenyeji asilia kuwa waziri katika serikali ya Marekani. Babu na bibi yake mwenyewe walipelekwa katika shule hizo. Tarehe 25 Oktoba 2024, Rais Joe Biden aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Tangu mwaka 2017 mabaki ya baadhi ya watoto waliozikwa Carlisle yamekuwa yakirudishwa kwao, yazikwe na ndugu zao.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini kuna jeraha lingine ambalo halionekani kaburini. Mtoto aliyelelewa na kengele na fimbo, asiyebebwa wala kuimbiwa, hukua akawa mzazi bila kuona mzazi anavyofanya. Wengi waliotoka shule hizo walishindwa kuwakumbatia watoto wao. Wengine walizama katika pombe. Na watoto waliendelea kuchukuliwa. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba robo hadi theluthi ya watoto wa wenyeji walikuwa wametengwa na familia zao, na wengi walilelewa na wageni. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kutaka mtoto atafutiwe kwanza ndugu zake au watu wa kabila lake. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikaikubali ibaki.

MTO ULIOKAUKA, SUKARI ILIYOPANDA

Biden alitoa maneno yake katika nchi ya Gila River, Arizona. Wenyeji wa hapo, Waakimel O'odham, ambao wageni waliwaita Wapima, wana historia ambayo kila muuguzi angepaswa kuijua. Kwa karne nyingi walichimba mifereji kutoka mtoni, wakalima mahindi, maharage na maboga, na baadaye ngano. Wakati wasafiri walipokimbilia dhahabu ya California mwaka 1849, watu hawa ndio waliowalisha.

Kuanzia miaka ya 1870, walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji kuelekea mashamba yao. Mto ukakauka. Waliolisha wageni wakafa njaa. Baadaye serikali ikawaletea chakula cha msaada: unga mweupe, mafuta ya nguruwe, sukari. Watu waliokuwa wakilima juani kutwa wakawa wanakaa bila shamba, wakila mkate wa kukaanga.

Tunaotoa huduma kliniki tunaweza kukisia kilichofuata. Watafiti walianza kuwapima mwaka 1965, wakakuta kwamba karibu nusu ya watu wazima wa miaka 35 na zaidi walikuwa na kisukari. Wengi wamepoteza figo, macho na miguu. Je, ni damu yao tu? Huenda damu ina sehemu yake, lakini ndugu zao walioko milimani Mexico, ambao wameendelea kulima kwa mkono na kula maharage na mahindi, walionekana kuwa na kisukari kidogo zaidi kwa mbali. Kilichowaangusha wa Arizona ni mto kuondolewa. Mwaka 2004 sheria iliwarudishia haki ya sehemu kubwa ya maji, na wapo wanaolima tena maharage ya mababu zao.

DAKTARI SUSAN

Tusimalize kwa kilio tu. Mwaka 1865 alizaliwa Susan La Flesche, binti wa Waomaha. Akiwa mtoto alikesha kando ya mwanamke mgonjwa wa kabila lake. Daktari wa kizungu aliitwa mara kadhaa, hakuja, na mama yule akafa kabla ya mapambazuko. Susan hakusahau. Mwaka 1889 alihitimu udaktari huko Pennsylvania akiwa wa kwanza darasani, na akawa mwanamke wa kwanza wa wenyeji asilia kuwa daktari.

Alirudi kwao, akahudumia watu wapatao 1,300, akienda kwa farasi katika theluji. Aliolewa, akazaa wana wawili, akaendelea na kazi. Na alifundisha nini? Mambo yale yale tunayofundisha sisi kliniki: msinywe kikombe kimoja watu wote, maana kifua kikuu huambukiza, zuieni nzi wasiingie ndani, fungueni madirisha hewa ipite. Mwaka 1913 hospitali aliyoitafutia fedha ilifunguliwa huko Walthill, Nebraska, ikatibu wenyeji na wazungu pia. Alikufa mwaka 1915.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, chanjo. Nusu ya Wakayuse walikufa kwa ugonjwa ambao leo tunaukinga kwa sindano. Mpeleke mtoto kliniki akifika miezi 9, kisha miezi 18. Usiseme surua ni ugonjwa wa kawaida tu wa watoto.

Pili, chakula chetu. Msiwafundishe watoto kwamba maharage, mboga za majani na muhogo ni chakula cha maskini, na kwamba soda na maandazi ndiyo maendeleo. Watu wa Gila River wameonja matokeo yake.

Tatu, lugha ya nyumbani na mapaja ya mama. Mtoto anaweza kujua Kiingereza vizuri na bado akamsalimia bibi yake kwa lugha ya bibi. Tena, tukimpeleka bweni angali mdogo, tujiulize ni nani atakayembeba akilia usiku.

Nne, sisi tunaotumika kanisani. Wengi wa wamishenari wale na walimu wale waliamini kwamba wanatenda mema. Narcissa aliwapenda yatima kweli. Lakini wema usiouliza, "Je, ninyi wenyewe mnaonaje?" unaweza kumwumiza unayemhudumia. Tunapokwenda kumtembelea mjane au kumsaidia mama mwenye shida, tuanze kwa kukaa chini na kumsikiliza.

Na siku watoto wakirudi tena na vijiti vyao uani, tuwaite mara moja. Tuwape uji, na wakiwa wanakunywa tuwasimulie habari za watoto saba waliobaki bila mama njiani, na za watoto waliomlilia mama zao walipoona mkasi. Kisha waache waendelee na mchezo wao. Tutaona kama bado kila mmoja atataka kuwa kauboi.